Namba ya Moja Saba na Benchi la Nyuma

Walimu wenzangu vijana, siku niliyokabidhi funguo za kabati la hisabati mliniomba niwaandikie jinsi nilivyoifanya kazi hii. Vyeo nitaviruka, maana havikuwa vingi, na mshahara wa mwalimu hauhitaji maelezo. Nitaandika jinsi nilivyoanza, aliyenifundisha kazi, na kosa moja nililolifanya darasani. Hilo kosa nimelipa nafasi kubwa, kwa sababu mengine mtajifunza wenyewe.

Nilifika hapa mlimani kwa miguu kutoka soko la Marangu, sanduku begani, masika yakiwa yameigeuza barabara kuwa uji. Ilikuwa ile miaka ambayo maduka yalianza kujaa tena, na serikali ikaanza kuruhusu wazazi, makanisa na yeyote mwenye matofali kufungua sekondari. Wazazi wa hapa walikuwa na matofali. Walikuwa wamejenga madarasa mawili katikati ya migomba na kahawa, na la tatu lilikuwa na kuta tu. Mkuu wa shule alinipokea mlangoni, akanikabidhi boksi la chaki, bikari ya mbao iliyovunjika mguu, na kitabu cha jedwali za logi kisicho na jalada.

"Hisabati ni wewe na Mwalimu Kileo," alisema. "Mwalimu Kileo anastaafu mwakani. Kwa hiyo ni wewe."

Mwalimu Kileo alikuwa mzee mwembamba aliyevaa sweta kiangazi na masika. Alikuwa ameanza kufundisha kabla mimi sijazaliwa, na hakuona sababu ya kulificha hilo. Siku yangu ya kwanza hakuniuliza nimesoma chuo gani. Aliniuliza kama najua kupaka ubao rangi. Sikujua. Akanipeleka nyuma ya jiko la shule, akanionyesha jinsi ya kuvunja betri kuukuu za redio, kuusaga ule mweusi wa ndani, na kuuchanganya na majani ya viazi vitamu yaliyopondwa. Tulipaka ubao mzima kwa matambara. Mikono yangu ilibaki myeusi kwa siku nne, na nilifundisha pembetatu zangu za kwanza nikionekana kama fundi wa magari.

"Ubao usiposomeka, umefundisha ukuta," aliniambia. Nililicheka neno hilo. Nilidhani anazungumzia rangi.

Alinifundisha mengi mengine katika mwaka ule mmoja. Nikizungumza na ubao, darasa linazungumza lenyewe, kwa hiyo niandike huku nimesimama upande. Mwanafunzi akikosea, nimwombe anieleze alivyofikiri kabla ya kumsahihisha. Tena alinikanya nisilichekee neno "tasa" mbele ya watu wazima. Mnajua kwamba namba tasa ni ile isiyogawanyika kwa namba nyingine yoyote ila moja na yenyewe: mbili, tatu, tano, saba, kumi na moja, na kuendelea. Somo tulilifundisha kwa Kiingereza, kama kanuni ilivyotaka, na kulielewesha kwa Kiswahili, kama watoto walivyotaka. Mwalimu Kileo na mkewe hawakujaliwa watoto. Alilitamka neno lile miaka yote bila sauti yake kubadilika, na mimi nilichelewa sana kuelewa kwamba lilikuwa linamgharimu.

Siku aliyostaafu alinipa daftari lake. Lilikuwa na orodha ya namba tasa, zimeandikwa kwa wino wa bluu, safu kwa safu, mpaka zaidi ya elfu mbili. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na namba kubwa alizozipenda, na mbele ya kila moja ameandika sifa yake. Mojawapo ilikuwa 1,111,111, yaani moja saba kwa mstari. Chini yake aliandika kwamba ukiizidisha kwa yenyewe unapata 1,234,567,654,321, tarakimu zinapanda mpaka saba kisha zinashuka kwa mpango ule ule. Pembeni aliandika neno moja: tasa.

Namba hiyo niliitumia kila mwaka. Nilianza na 11 mara 11, ambayo ni 121. Kisha 111 mara 111, ambayo ni 12,321. Niliendelea kupanda mpaka nafika moja saba, na watoto walipoona tarakimu zimejipanga kama ngazi ya kwenda darini na kurudi, walipiga meza. Hapo ndipo nilipomalizia kwa sauti ya mtu mwenye siri: "Na namba hii, pamoja na ukubwa wake wote, ni tasa." Sikuwahi kuigawa. Daftari lilisema, na daftari lilikuwa la Mwalimu Kileo.

Sasa nifike kwa Apolonia.

Alikuja kwetu kidato cha tatu. Kwao ni Mkuu, kule Rombo, lakini aliishi kwa shangazi yake jirani na shule, na kabla ya masomo na baada ya masomo alikata majani ya ng'ombe wa shangazi. Alikuwa msichana mkimya. Alitembea karibu na kuta. Nililiona hilo, nikalitafsiri kuwa ni aibu ya mgeni. Katika jaribio la kwanza la muhula nilimkuta ameinamia daftari la jirani yake, Ndeshi, uso umekaribia kugusa karatasi. Sijapata kuona mtu anaangalizia bila kificho namna ile. Nilichukua karatasi yake, nikaichana mbele ya darasa, nikamhamishia benchi la nyuma kabisa, peke yake, chini ya dirisha.

Alinifuata nje baada ya kipindi. "Mwalimu, naomba nikae mbele."

"Mbele wanakaa waaminifu," nilimjibu.

Alirudi ndani, akakaa nyuma, na alikaa pale muhula wote na wiki kadhaa za muhula uliofuata. Alama zake zilishuka katika kila somo la ubaoni. Nawaambia kwa masikitiko kwamba kule kushuka nilikuchukua kuwa ushahidi. Nilimwambia mkuu wa shule, "Umeona? Amekosa wa kumwangalizia."

Muhula wa pili nilifika kwenye namba tasa. Niliandika ngazi yangu ya moja moja, watoto wakapiga meza, nami nikatoa siri yangu. Mkono uliinuliwa nyuma kabisa. Ulikuwa wa Apolonia.

"Mwalimu, hiyo si tasa."

Wakati ule mwanafunzi hakumwambia mwalimu hivyo, na msichana wa benchi la adhabu ndiyo kabisa.

"Inagawanyika kwa ngapi?" nilimuuliza.

"Kwa mia mbili thelathini na tisa."

Watu wakacheka. Nami nikacheka kidogo, Mungu anisamehe. "Umesoma kitabu gani?"

"Sijasoma popote, Mwalimu. Nimegawa mwenyewe."

"Kwenye karatasi gani?"

"Kichwani. Nikiwa nakata majani."

Kicheko kilipanda. Niliona ananidhihaki, au kuna mtu amemtuma. Nilimwambia atoke nje asimame mpaka kengele. Kulikuwa na manyunyu. Alitoka akiwa ameweka kiganja ukutani, akipapasa mpaka mlangoni, na mimi nikageukia ubao nikaendelea na kipindi. Ningeweza kugawa palepale. Ni mistari mitano ya chaki. Sikugawa.

Niligawa ofisini, saa nne, wenzangu wakinywa chai. Niliandika moja saba, nikaweka 239 pembeni, nikashuka hatua kwa hatua. Jibu lilikuja 4,649, baki sifuri. Nikarudia. Nikazidisha kinyume, 239 mara 4,649, na zile moja saba zikajipanga mbele yangu. Mwalimu wa jiografia aliniuliza kama naumwa.

Nilimwita Apolonia ofisini, nikamuuliza alivyofanya. Alisimama mlangoni, sweta imelowa mabegani. Nitawaeleza kama alivyonieleza, kwa sababu katika miaka yangu yote sijasikia maelezo safi zaidi kutoka kwa mwanafunzi.

"Nachukua moja, naigawa kwa namba. Haitoshi, naongeza sifuri inakuwa kumi. Haitoshi, inakuwa mia. Halafu elfu. Hapo mia mbili thelathini na tisa inaingia mara nne, inabaki arobaini na nne. Naongeza sifuri, inakuwa mia nne na arobaini. Inabaki mia mbili na moja. Nafuata yale mabaki tu, Mwalimu, majibu siyahitaji. Inakuja tisini na nane. Inakuja ishirini na nne. Halafu ishirini na nne ukiiwekea sifuri ni mia mbili arobaini, unatoa mia mbili thelathini na tisa, inabaki moja. Moja imerudi. Nimehesabu hatua, ni saba."

"Na moja ikirudi kwa hatua saba?"

"Basi milioni kumi ukiigawa kwa hiyo namba inabaki moja. Kwa hiyo ukipunguza ile moja, zile tisa saba zinagawanyika bila baki. Na tisa saba ni moja saba mara tisa. Mia mbili thelathini na tisa haina undugu na tisa. Kwa hiyo inaigawa moja saba."

Nilikaa. Chuoni walikuwa wamenipitisha kwenye jambo hilo kwa kurasa kumi za alama, na nilifaulu mtihani wake bila kulielewa. Huyu alilifikia peke yake, mundu mkononi, kwa sababu alipenda kujua moja inarudi baada ya hatua ngapi kwa kila namba. Saba inarudisha kwa hatua sita, aliniambia. Thelathini na saba kwa hatua tatu. Alikuwa amepita namba tasa zote kuanzia tatu, moja moja, tangu yuko darasa la saba.

Nilimwambia arudi darasani. Sikumwambia neno jingine.

Jumamosi nilipanda kwa Mwalimu Kileo. Nilimkuta kwenye kihamba chake, lile shamba linalozunguka nyumba, anapogoa migomba. Nilimsalimu shikamoo, akaitikia bila kuacha kazi. Nilifungua daftari lake ukurasa wa mwisho, nikaweka karatasi yangu ya mgawanyo juu yake. Alifuta mikono, akavaa miwani, akasoma polepole mpaka chini.

"Niliishia mia moja tisini na tisa," alisema. "Nilizijaribu zote kwa mkono mpaka hapo. Nikasema, namba iliyokataa mpaka karibu na mia mbili, hii haitagawanyika tena. Nikaandika tasa." Alikunja karatasi, akanirudishia. "Nani amepata?"

Nikamweleza yote: jaribio, benchi la nyuma, manyunyu.

"Umemwomba radhi?"

"Bado, Mwalimu."

"Sasa umekuja kwangu kufanya nini?"

Alirudi kwenye mgomba wake, akakata majani mawili makavu, kisha akasimama akinipa mgongo.

"Kuna kitu hujanieleza, au hujakiona," alisema. "Mtoto anayeweza kufanya hayo kichwani, anaangalizia nini kwa Ndeshi?"

Niliteremka mlima nikiwa na swali hilo. Kufikia daraja la chini nilikuwa nimeshajua jibu. Nilikumbuka kiganja ukutani. Nilikumbuka jinsi alivyoinama. Mtu anayeibia huwa anaibia kwa kona ya jicho. Hakuna anayeibia kwa kuweka uso kwenye karatasi.

Jumatatu niliingia kidato cha tatu, nikaandika ule mzidisho ubaoni, nikawageukia. Nilisema kwamba nilikosea, kwamba Apolonia alikuwa sahihi, na kwamba nilimtoa nje bila haki. Hakuna aliyecheka. Kuhusu benchi la nyuma sikusema. Nilijiambia hilo ni jambo la yeye na mimi, na wakati ule nililiamini.

Darasa lilipotoka nilimbakiza pamoja na Ndeshi. Nilimwomba akae mahali pake pa nyuma, asome nilichoandika.

"Kuna weupe, Mwalimu," alisema.

Nikamwambia asogee mpaka aweze kusoma. Alipita safu ya kwanza ya madawati, ya pili, ya tatu. Alipofika hatua mbili kutoka ubaoni, aligeuza kichwa upande kama kuku anayetafuta punje, akasoma kwa jicho la kulia. Nilipolifunika la kulia kwa kiganja changu, alinyamaza. La kushoto lilikuwa halioni kitu.

"Tangu lini?"

"Sijui. Taa zilianza kuwa na duara za rangi nikiwa shule ya msingi. Nilidhani kila mtu anaziona."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilisema, Mwalimu. Niliomba nikae mbele."

Ndeshi alianza kulia. Ni yeye aliyenieleza kwamba alikuwa akimnong'oneza mwenzake yaliyo ubaoni, na kwamba siku ya jaribio maswali yaliandikwa ubaoni kwa sababu karatasi hazikutosha. Apolonia alikuwa akisoma maswali kwenye daftari la Ndeshi. Majibu yalikuwa yake.

Tulimpeleka hospitali ya Moshi wiki ileile, mimi na baba yake, ambaye niliagiza aitwe kutoka Mkuu. Mzee Shirima alikuwa mkulima wa kahawa, mtu mrefu mwenye koti la kanisani, rozari mfukoni. Daktari wa macho alikuwa mama wa makamo, mwenye maneno machache. Alimpima Apolonia asubuhi nzima. Kisha alituita wote watatu, akasema ni presha ya macho. Jicho la kushoto limekwisha. La kulia limebaki na sehemu ndogo ya katikati, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Wangemfanyia upasuaji ili hiyo sehemu isipotee haraka. Iliyokwisha kupotea hairudi.

Nilimsubiri daktari kwenye ukumbi. Nilimuuliza, kama angeletwa miezi mitano kabla, angekuwa anaona zaidi?

"Pengine ndiyo. Kiasi gani, siwezi kukuambia. Kwa nini miezi mitano?"

Nikamwambia kwa nini. Hakunilaumu wala hakunifariji. Aliandika kitu kwenye faili akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Kwa sisi watu wa mlimani mtu akimkosea mwenzake anachukua jani la isale, ule mmea tunaoupanda mipakani mwa vihamba, na kulipeleka kwa aliyemkosea. Anayepelekewa isale halikatai. Siku ya upasuaji nilichuma jani nyumbani, nikalifunga kwenye gazeti, nikashuka nalo Moshi. Mzee Shirima alikuwa ameketi kwenye benchi nje ya wodi. Nilisimama mbele yake nikamweleza yote, tangu karatasi niliyoichana mpaka maneno yangu kuhusu waaminifu, nikamnyooshea jani kwa mikono miwili.

Alilitazama bila kulipokea. Nilidhani atainuka anipige, na nilikuwa tayari.

"Mwalimu," alisema, "mimi nilimchapa kwa kumwaga maziwa. Alijikwaa kwenye ndoo aliyoiweka mwenyewe. Nikamwambia ni mzembe. Nilimchapa mara mbili kwa jambo hilohilo." Alitoa rozari akaizungusha mkononi. "Ndiyo maana nilimpeleka kwa dada yangu. Nilisema huko Marangu atajifunza kuwa makini." Kisha akalisukuma jani kwangu taratibu. "Hilo si langu. Mpe mwenyewe. Na mimi nitamtafutia la kwangu."

Nilimpa siku ya pili. Alikuwa amefungwa bandeji macho yote. Niliweka jani mkononi mwake, akalipapasa kutoka kwenye ncha mpaka kwenye shina, akajua ni nini kabla sijafungua mdomo.

"Asante, Mwalimu," alisema. Alilaza jani kifuani. Kisha akaniuliza kama moja kumi na moja kwa mstari ni tasa.

Nilikaa naye wodini kila Jumamosi kwa mwezi mmoja, na kazi yetu ilikuwa hiyo namba, 11,111,111,111. Miaka ile vikokotoo vidogo kutoka nje vilishaanza kuuzwa mjini, nami nilikuwa nacho kimoja, lakini kilikuwa na nafasi nane tu. Hakikuweza hata kuiandika namba yetu. Njia yake ya mabaki haikujali hilo, maana mabaki ni madogo daima. Apolonia alishagundua jambo jingine. Chukua 239, alisema, utoe moja. Inabaki 238, nayo inagawanyika kwa saba. Chukua 4,649, utoe moja, vilevile. Moja tano kwa mstari, yaani 11,111, ni 41 mara 271. Toa moja kwa kila mojawapo, arobaini na mia mbili sabini zote zinagawanyika kwa tano. Basi kwa moja kumi na moja tusihangaike na kila namba tasa. Tujaribu zile tu ambazo ukitoa moja zinagawanyika kwa kumi na moja. Nilikuja kulithibitisha baadaye vitabuni, na ni kweli kwa kila namba ya moja ambayo idadi ya moja zake ni tasa, ukiacha moja tatu. Yeye hakuwa na kitabu. Tulianza na ishirini na tatu, tukapanda. Mimi nilitaja namba, yeye alifuata mabaki kwa sauti ndogo, na mama wa kitanda cha jirani alidhani tunasali. Siku aliyoruhusiwa tulikuwa tumevuka elfu mbili bila kupata.

Alirudi shule akakaa mbele. Wenzake walimsomea kwa zamu, Ndeshi akazipanga zamu hizo kwa ukali kuliko kiranja yeyote. Mkuu wa shule aliomba Apolonia aongezewe muda kwenye mtihani wa taifa. Jibu halikufika, na alifanya kwa muda wa kila mtu, pua juu ya karatasi. Hisabati alipata alama ya juu kabisa. Kemia na fizikia, masomo ya vipimo na michoro, alianguka. Ningependa kuwaandikia kwamba alikwenda chuo kikuu. Hakwenda. Alipata nafasi ya chuo cha ualimu, akawa mwalimu wa shule ya msingi kwao Rombo.

Akiwa chuoni aliniletea barua, mwandiko wa mtu mwingine, mstari mmoja: "Mwalimu, imepatikana, 21,649 mara 513,239." Chini kulikuwa na jina lake, ameandika mwenyewe kwa herufi kubwa zilizopinda. Nilizidisha kwa mkono. Moja kumi na moja zilitokea zote. Namba hizo nilikwenda nazo, pamoja na daftari, kwa Mwalimu Kileo, ambaye wakati huo alikuwa hainuki kitandani. Aliniomba nimsomee mara mbili, kisha akaomba lile daftari na kalamu, akafuta neno "tasa" mbele ya moja saba, akaandika vigawo vyake, na chini yake jina la Apolonia.

Nilifundisha miaka mingi baada ya hapo. Kila mwaka, siku ya kwanza, kabla ya jambo lolote, niliandika mistari michache ubaoni, nikasimama nyuma ya darasa, nikamwita kila mmoja aje asimame hapo nilipo asome kwa jicho moja, kisha kwa jingine. Wenzangu waliona napoteza vipindi viwili. Niliwapata wanane wasioona vizuri, kwa nyakati mbalimbali. Tafadhali endeleeni nalo. Halihitaji kifaa.

Wiki tatu baada ya kustaafu nilikwenda Mkuu kumwona Apolonia. Jicho lake la kulia lilikwisha kabisa miaka kadhaa iliyopita, lakini hakuacha kazi. Anafundisha hesabu za kichwa. Watoto wanamsomea ubao, yeye anawauliza walivyofikiri. Tulikaa nje ya ofisi yao wakati wa mapumziko. Nilimuuliza jambo ambalo sikuwahi kumuuliza, kama kweli alinisamehe siku ile wodini.

"Nilipokea isale," alisema. "Isale halirudishwi. Lakini hasira nilikuwa nayo, Mwalimu Temu, na ilikaa. Kuna siku nilikuwa naikata pamoja na majani. Sasa haipo. Ila nikiulizwa ningekuwa wapi kama ningekaa mbele tangu mwanzo, sijui. Hiyo nimejaribu kuigawa, haina jibu."

Kengele ililia. Akanishika mkono, nikadhani anataka nimwongoze, kumbe ni yeye aliyeniongoza, mpaka darasa la sita. Watoto wakasimama wakanipa shikamoo kwa sauti moja. Nikaitikia marahaba.

"Huyu ni mwalimu wangu," aliwaambia. "Aliwahi kukosea mbele ya darasa, na akasema amekosea. Walimu wa hivyo ni wachache."

Msichana mmoja wa katikati akainua mkono. "Mwalimu, alikosea nini?"

Apolonia alirudi nyuma hatua moja, akaegemea ubao, uso wake umenielekea.

Ningeweza kuwaambia kuhusu namba, ambayo nilikwisha kuiombea radhi. Ningewaandikia ngazi ya moja moja na wangepiga meza. Nilitazama mpaka benchi la nyuma, na kulikuwa na watoto wanne wamekaa pale. Niliwaomba wasogee mbele, wabanane na wenzao, kisha nikaanza kuwasimulia tangu siku ya jaribio.